Usiichome Karatasi ya Mtoto

Wapendwa wa Arua na Koboko, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini!

Mnakumbuka Machi 2020 shule zilifungwa, na wadogo wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2022. Sisi wazazi tukawa walimu kwa lazima. Mimi hapa Koboko nilimpa binti yangu wa miaka sita karatasi ya hesabu, ahesabu maembe. Kurudi kutoka jikoni, nakuta maembe yameota miguu, yanapanda lori kwenda Juba. Jibu hakuna! Nikamchapa, jamani, na karatasi nikaitia motoni. Tangu siku ile, akiniona tu anaficha penseli. Hilo ndilo lililonichoma mimi.

Siku nyingine nikakaa naye chini, nikauliza: "Lori hili lina maembe mangapi?" "Kumi na mawili." "Manne yakishuka Oraba?" "Yanabaki manane, mama." Kumbe hesabu ilikuwamo ndani ya mchoro!

Soma Kutoka 31. Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake, abuni na kuchonga kwa mikono. Basi wewe mzazi, mwache kwanza achore, hata kwa kijiti uani. Kisha akueleze, kisha ahesabu alichochora. Na kama ulimvunja moyo, mwombe msamaha. Mimi niliomba, na penseli ikarudi mezani.