Maumivu ya Tendo la Ndoa katika Ndoa Changa: Mtazamo kutoka Rungwe

Miongoni mwa matatizo yanayoifika ndoa changa mapema, na yanayosemwa kwa nadra kuliko yote, ni lile la wanandoa wanaopendana na walio na afya, lakini ambao kwa wiki, miezi na hata miaka hawawezi kukamilisha tendo la ndoa, kwa kuwa uke hujifunga na kuuma kila wanapojaribu. Hali hiyo, ambayo daktari Mmarekani J. Marion Sims aliipa jina la vajinismasi katika miaka ya 1860, ni mkazo wa misuli ya sakafu ya nyonga, yaani misuli inayobeba kibofu na kizazi, ambayo hukaza bila mwanamke kuiamuru, kama kope inavyofumba kitu kinapolikaribia jicho.

Maumivu ya kwanza huzaa hofu, hofu hukaza misuli hata kabla mume hajamgusa mkewe, na misuli iliyokaza huleta maumivu mapya yanayoithibitisha hofu ile. Mume naye, akiogopa kumuumiza mwenzake au akijiona amedharauliwa, huanza kulegea, akakimbilia dawa za nguvu za kiume ambazo, hata zikiongeza damu katika uume, haziwezi kuulegeza msuli wa mke; huongeza nguvu mahali ambapo nguvu ndiyo inayoumiza. Kizinda nacho hulaumiwa bure mara nyingi, kwa sababu ni utando laini unaozunguka mlango wa uke, si kifuniko, na wanawake wengi hawatoki damu siku ya kwanza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na taasisi nyingine za Umoja wa Mataifa zilitamka mwaka 2018 kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha ubikira.

Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya nchini Tanzania, ina urithi unaostahili kukumbukwa hapa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa huko, katika miaka ya 1930, waliona kwamba vijana wa kiume walijitenga na baba zao na kujenga vijiji vya rika lao, na kwamba mke alimwepuka kabisa baba mkwe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, Monica Wilson aliuhusisha utaratibu huo na nia ya kutenganisha unyumba wa wazazi na ule wa watoto wao. Si yote ya zama hizo yanayofaa kurudishwa, kwani wasichana wengi walichumbiwa wakiwa watoto, lakini umbali ule ulikuwa na hekima kubwa. Leo maharusi wa mjini Tukuyu wanaweza kuanza maisha katika chumba cha kupanga ambacho ukuta wake haufiki kwenye bati, ambamo mvua ikikatika hata kikohozi husikika kwa jirani, na asubuhi shangazi anapiga simu kuuliza kama mambo yamekwenda vizuri. Mafunzo ya kitchen party huwa yamemweleza bibi harusi namna ya kumpikia na kumridhisha mume, lakini ni mara chache yanapomwambia kwamba anaruhusiwa kusema "subiri".

Tiba huanza kwa daktari au mkunga, katika hospitali ya wilaya ya Makandana au, kwa rufaa, jijini Mbeya, ili ijulikane kama kuna fangasi, kidonda au kasoro ya maumbile, na uchunguzi huo usilazimishwe hata kidogo. Kisha wanandoa hukubaliana kuacha kabisa majaribio ya kuingiliana kwa muda. Mke hujifunza kukaza na kulegeza misuli huku akivuta pumzi taratibu, na baadaye hutumia kidole chake mwenyewe, kilichokatwa kucha na kupakwa kilainishi, kwanza ncha tu, akisimama kila anapotaka. Mume hushirikishwa baadaye, mke akiongoza. William Masters na Virginia Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1970, walisisitiza kwamba anayetibiwa ni wawili hao kwa pamoja, si mmoja wao.

Tatizo hili linaweza pia kufika mahakamani, kwani Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa kubatilishwa pale mmoja wa wanandoa anapokuwa hana uwezo wa kukamilisha tendo la ndoa, au anapolikataa kwa makusudi. Mke ambaye mwili wake unakaza kwa hofu hakatai, na mara nyingi uwezo wake haujapotea, hivyo mzee wa kanisa, mshenga au wakili anayeletewa shauri la namna hiyo anapaswa kuuliza, kabla ya jambo jingine lolote, kama wawili hao wamewahi kuonana na daktari pamoja.