Kisu Hakimalizi Kazi: Mambo ya Mgonjwa Yanayoamua Matokeo ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

(Mazungumzo ya daktari wa hospitali ya wilaya mbele ya wakazi wa kata, siku ya upimaji wa shinikizo la damu na kisukari)



Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa kupunguza uzito. Miaka michache iliyopita tuliusikia kama jambo la ughaibuni. Siku hizi unafanyika humu nchini, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, na wapo wakazi wa kata hii waliokwisha kuulizia rufaa. Swali lao la kwanza huwa moja: "Daktari, nitapungua kilo ngapi?" Ukweli ni kwamba watu wawili waweza kupasuliwa siku moja, kwa mkono wa daktari mmoja, na baada ya miaka miwili wakawa na matokeo mbalimbali kabisa. Leo nataka tuelewane kwa nini inakuwa hivyo.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Alinijia mama mmoja, miaka mitatu baada ya upasuaji. Mwaka wa kwanza alikuwa amepungua sana, na kila arusi aliyohudhuria alisifiwa. Kisha kilo zikaanza kurudi. Majirani wakasema fedha zimekwenda bure, naye kwa aibu akaacha kliniki. Aliponiuliza, "Nimekosea wapi?" nilimjibu kwa neno moja: chakula. Nilijibu kabla ya kuuliza. Baadaye nilipomsikiliza, nikagundua kuwa alikuwa akitumia vidonge vya steroidi kwa sababu ya pumu, dawa ambazo huongeza hamu ya kula na uzito. Isitoshe, kwa mwaka mzima alikuwa halali usiku, akimuuguza mkwewe. Chakula kilikuwamo katika kisa chake, lakini hakikuwa kisa chote.

Tuanze na kazi ya upasuaji wenyewe. Katika aina inayofanyika zaidi duniani, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba. Katika aina nyingine, ile ya mchepuo, hutengenezwa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mkato. Mgonjwa hushiba kwa chakula kichache, na homoni za njaa na shibe nazo hubadilika. Huo ni msaada mkubwa, lakini ni chombo tu, nacho chombo huenda kwa mwendeshaji na kwa bahari aliyokutana nayo.

Yapo mambo ambayo mgonjwa hakuyachagua. La kwanza ni uzito alioanza nao. Tuchukue mfano wa hesabu: watu wawili wenye urefu wa sentimita 160, mmoja ana kilo 150, mwingine kilo 100. Kwa urefu huo, uzito wa afya hauzidi kilo 64 hivi. Wa kwanza akipunguza kilo 45, ameondoa takriban nusu tu ya ziada yake. Wa pili akipunguza kilo 27, ameondoa robo tatu. Aliyepunguza kilo nyingi ndiye atakayeonekana bado mnene barabarani, na ndiye atakayechekwa. Sasa niambieni, ni nani kati yao aliyeshindwa?

La pili ni umri: kwa kawaida wenye umri mkubwa hupungua kidogo kuliko vijana. La tatu ni kisukari. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, mara nyingi hupungua kidogo kuliko asiye nacho. Hata hivyo, faida anayoipata katika sukari yake yaweza kuwa kubwa kuliko ya kilo. La nne ni maumbile ya urithi. Na la tano ni dawa nyingine anazotumia, kama nilivyofundishwa na yule mama. Dawa hizo zisiachwe kiholela. Zitajwe zote kwa daktari, naye ataangalia kama zipo za kubadilishwa.

Yapo pia mambo yaliyo mikononi mwa mgonjwa. Nchini Marekani, watafiti waliwafuata watu waliofanyiwa upasuaji kwa miaka 3, na ripoti yao ilitoka mwaka 2016. Tabia tatu zilijitokeza: kujipima uzito kila wiki, kuacha kula mara mtu anapohisi ameshiba, na kutokula mfululizo mchana kutwa. Kwa waliofanyiwa mchepuo, makadirio yalionyesha kuwa aliyezianza tabia zote tatu angepungua takriban asilimia 39 ya uzito wake wa awali. Ambaye hakubadili hata moja, takriban asilimia 25.

Tazameni hiyo ya tatu. Mfuko mdogo humzuia mtu kumaliza sinia la ugali, lakini haumzuii kudokoadokoa. Andazi nusu asubuhi, karanga saa nne, soda saa sita, kashata jioni: huenda hakuna hata kimoja kitakachomuumiza tumbo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba cha mwili hakina ubaguzi. Vinywaji vya sukari ndivyo hatari zaidi kwa sababu hupita bila kushibisha. Ndiyo maana tunasema mlo uanze na dagaa, samaki, yai au maharage, kisha mboga, na wanga ufuate ukiwa kidogo. Mazoezi nayo, hata ya kutembea kwa miguu kila siku, husaidia kuulinda uzito uliopatikana.

Kuhusu pombe nasema kwa mkazo. Baada ya mchepuo, pombe hupanda kichwani upesi kuliko zamani, na wapo ambao huanza kuitegemea kuanzia mwaka wa pili. Sigara nazo huleta vidonda katika maungio ya mfuko.

Jambo kubwa zaidi ni kliniki. Uzito hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza hadi wa pili, kisha hutulia, na kwa wengi hurudi kidogo. Nchini Uswidi upo utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Profesa Lars Sjöström. Waliofanyiwa mchepuo walikuwa wamepungua asilimia 32 katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Kwa hiyo kurudi kwa kilo chache ni mwendo wa kawaida wa mwili. Dawa yake ni kurudi kliniki mapema, wala si kujificha. Asiyerudi hukosa pia vipimo vya damu na ushauri wa vitamini na madini, navyo vinahitajika maisha yote. Yule mama alikuwa na upungufu wa damu ambao ungegunduliwa miezi mingi nyuma.

Hapa nawageukia ninyi mliomzunguka mgonjwa. Anayepika nyumbani ndiye anayeamua kitakachokuwa mezani. Shangazi anayesema "Kula, mwanangu, umekonda mno" anampenda, lakini anamrudisha nyuma. Jirani anayesema "Fedha zimekwenda bure" anamfungia mlango wa kliniki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa wanaofikiria huduma hii, njia huanzia karibu. Nendeni zahanati au kituo cha afya mkapimwe uzito, urefu, shinikizo la damu na sukari. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa uzito na urefu wa 35 na kuendelea. Kwa mtu wa sentimita 160, hiyo ni karibu kilo 90. Kuanzia 30 hufikiriwa kwa mwenye kisukari au maradhi kama hayo. Mkipewa rufaa, ulizeni mapema gharama zote, pamoja na nauli za kurudi kliniki na vidonge vya miaka ijayo. Kina mama wanaotarajia kuzaa wajue kuwa hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Yule mama amerudi kliniki. Dawa zake zimeangaliwa upya, wifi zake wamegawana zamu za usiku, na damu yake imepanda. Baadhi ya kilo zimeondoka tena, nyingine zimebaki. Nilimwomba radhi. Nanyi nawaomba hivi: mkimwona aliyepasuliwa na bado ni mnene, msimuulize kwa nini. Muulizeni kliniki yake ni lini, na kama anahitaji mtu wa kumsindikiza.