Bibi Yetu na Daftari la Wanachama



Tumetakiwa kusema machache juu ya mtu mmoja aliyetutangulia, ili maneno hayo yatiwe katika kijitabu cha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Labda wengi wenu mlitazamia tumtaje mtemi au mwenyekiti wa zamani. Sisi tumemchagua bibi yetu mzaa baba, mwanamke ambaye hakuwa mwanachama wa ushirika wowote mpaka alipofariki akiwa mkongwe. Sababu yake mtaisikia.

Kijiji chake ki karibu na reli, kati ya Usoke na Urambo, katika nchi iliyopitiwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Wazee wetu Wanyamwezi walisifika kuwa wapagazi hodari wa njia hiyo. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa hesabu za mizigo, hongo na pembe, lakini wanawake waliotwanga nafaka walizokula wasafiri hao ni nadra kutajwa. Halima, mpishi wa Livingstone, jina lake limesalia kwa kuwa bwana wake alikuwa akiandika. Ndiye aliyepika Ujiji siku Stanley alipofika, mwaka 1871. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Halima naye alikuwamo katika msafara ulioileta maiti pwani kwa njia ya Tabora. Huyo ni mmoja tu.

Wamisheni wa London walifika Urambo mwaka 1879, zama za Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kazi yao ikashikwa na Wamoravian. Bibi alizaliwa katika nyumba ya Wamoravian, akafundishwa kusoma ili aisome Biblia. Kila alfajiri alifungua kile kijitabu cha Neno la kila siku, ambacho kanisa hilo hulichapisha mwaka hata mwaka tangu 1731, akasoma kwa sauti, na mgeni yeyote aliyelala kwake akasikia. Alipokuwapo mgeni Mwislamu, Bibi alimwekea kwanza maji ya kutawadha uani, akangoja amalize sala yake, ndipo akafungua kitabu. Hatukupata kumsikia akimwuliza mtu dini yake kabla ya kumpa chakula, ambacho mara nyingi kilikuwa ugali na nsansa iliyoungwa kwa karanga.

Mwaka 1972 watu wa Burundi walikimbia mauaji makubwa kwao, na wengi wakaletwa Ulyankulu, kaskazini ya Urambo, walikofungua mashamba msituni. Wazee walitusimulia jinsi baadhi yao walivyopita kijijini wakiwa hawana kitu ila watoto. Bibi aliwapisha chumba cha mbegu, na mbegu akazihamishia chini ya kitanda chake. Jirani mmoja alimwonya kwamba wageni watamaliza akiba yake. Walimaliza kweli, na mwaka ule nyumba yake ilikula mihogo mpaka mavuno. Lakini baadhi ya wanawake wale walirudi kila wiki wakakaa chini ya mwembe wake, maana Bibi alikuwa mwalimu wa kisomo tangu Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wengi wa watu wale wa Ulyankulu leo ni raia wenzetu, na wako humu ukumbini.

Kisomo chake hakikuwa cha herufi tupu. Aliwafundisha wanawake kusoma mizani na stakabadhi. Msimu mmoja karani wa ununuzi, ambaye hatuna haja ya kumtaja, aliita mtumba wa tumbaku kilo 83, akaandika 38. Mwenye mtumba alikuwa mjane aliyejifunza tarakimu chini ya mwembe ule. Akaitazama karatasi, akamtazama Bibi. Bibi akasema kwa upole, “Mwanangu, hebu isome tena karatasi hiyo, huyu mama naye anasoma.” Karani akasahihisha. Jioni ile ile Bibi akatuma mtoto amwite karani aje kula, kwa kuwa alikuwa mgeni kijijini na hakuwa na mpishi. Watu walinung'unika sana. Yeye alisema kwamba kilo ni jambo moja na njaa ni jambo jingine.

Sasa tumefika kwenye sababu. Babu alipofariki, Bibi alikuwa na shamba alilolilima kwa jembe lake mwenyewe na bani aliloshiriki kulijenga. Alipokwenda chamani akaambiwa kwamba jina lililo daftarini ni la marehemu, na kwamba tumbaku yake iuzwe kwa jina la shemeji. Ikauzwa hivyo miaka yote. Yeye aliyewafundisha wenzake kuandika majina yao hakuwa na mahali pa kuandika la kwake.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimzuii mwanamke kuwa mwanachama kwa jina lake. Hata hivyo, katika madaftari tunayoyatunza sisi makatibu, bado tunaona wake na wajane ambao tunajua kwa macho yetu kwamba ndio wapandao, ndio wachumao, ndio wakaushao, na mitumba yao yapita mizanini kwa majina ya wengine. Viongozi wenzetu wa vyama vya msingi, twawaomba mpitie madaftari yenu kabla ya msimu kufunguliwa, mjane asiambiwe tena akamtafute shemeji.

Fomu za kujiunga ziko mezani kwa mtunza ghala, upande wa kulia wa mizani, na karani atakaa hapo mpaka saa kumi na moja jioni. Kiingilio ni kile kile kwa wote. Wino wa dole gumba upo, lakini tumeuweka nyuma ya kalamu.