Kitimoto cha Jioni na Kiporo Chake



Miaka kumi tumekusanya senti kidogo kidogo hapa Kariakoo, nasi twajua jikoni ndiko zinakovujia. Leo tuseme juu ya kitimoto, kwa wale wanaokila.

Nunueni nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ikiwa na malengelenge meupe kama punje za mchele, iacheni: hayo ni tegu. Ichemsheni kwa tangawizi, vitunguu saumu na limau hadi ndani pasiwe na wekundu, kisha ikaangike kwa mafuta yake yenyewe. Ndizi na kachumbari pembeni, watoto wanalala wameshiba.

Kiporo je? Mwenye friji akiweke mapema. Asiye nayo apike cha kumalizika jioni ileile. Mifupa iende kwenye maharage, mafuta tuungie mchicha. Kinachookolewa kinaingia kwenye hisa.

Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini. Sisi, Waislamu na Wakristo, tunaweka fedha sanduku moja. Basi sufuria na kisu cha kitimoto vibaki nyumbani; kwenye shughuli za chama tupike pilau ya kuku aliyechinjwa kihalali, tule sote sinia moja. Ndivyo tulivyodumu.