Pikipiki ya Kikundi: Je, Tubadilishe Injini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu: pikipiki ya kikundi ambayo injini yake imekufa. Mwazijua pikipiki hizo. Ni zile ndefu za njia mbaya, Yamaha DT 125, Yamaha AG 100 au Honda XL 125, ambazo miradi ya maji, afya na kilimo ilipenda kuzitumia. Fremu ingali nzima, magurudumu yazunguka, lakini injini imekwisha, na kuku wamefanya kiti kuwa mahali pa kutagia.

Fundi akija asema, “Toeni hii, tutie ya Kichina.” Je, ni shauri jema? Laweza kuwa jema. Lakini si kwa kila kikundi, na si kwa kila pikipiki.

KWA NINI FUNDI ASEMA HIVYO

Injini ya DT na ya AG ni ya mipigo miwili. Oili yake huungua pamoja na petroli, ndiyo maana hutoa moshi. Pistoni na silinda zikilika, vipuri vyake halisi ni ghali na si kila duka linavyo.

Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 ni za mipigo minne, na nyingi zimeiga Honda CG 125 ya miaka ya 1970. Honda waliitengeneza kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki hufanya kazi nyingi na gereji iko mbali. Valvu zake husukumwa na vijiti vya chuma, na fundi wa kawaida huweza kuifungua na kuifunga. Tena, tangu mwaka 2008 Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika 250 cc, bodaboda zimejaa kila mahali. Basi vipuri vyake vyapatikana Malindi, Kilifi na Mariakani bila kutuma mtu Nairobi. Hapo fundi hajakosea.

HESABU KWANZA

Yesu katika Luka 14 alitaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba ni lazima aketi kwanza ahesabu gharama. Nanyi ketini. Msihesabu bei ya injini peke yake. Andikeni pia vishikio, kabureta, ekzosi, waya, betri, mnyororo na sproketi zake mbili, oili, kazi ya fundi, usafiri na gharama za karatasi.

Kisha andikeni hesabu ya pili: kuifufua injini ya zamani kwa pistoni na ringi mpya. Na ya tatu: kuiuza kama ilivyo na kununua nyingine inayotembea. Ikiwa hesabu ya kwanza yakaribia bei ya pikipiki nzima yenye logbuku yake, acheni. Rahisi huvunja upishi.

Ichunguzeni fremu pia kabla ya kutoa hata shilingi. Sisi wa Mambrui, Gongoni na Ngomeni twajua upepo wa chumvi ulivyo. Kwaruzeni rangi penye maungio na chini ya kiti, mgonge polepole kwa nyundo ndogo. Mkiona ufa, au chuma kimekuwa kama biskuti, hiyo fremu haistahili injini yoyote.

MAMBO SITA YA KUMWULIZA FUNDI

1. Vishikio. Matundu ya injini mpya hayatalingana na ya fremu ya zamani. Injini ishikwe kwa vipande vya chuma kinene na boliti ngumu, si kwa kuchomelea ovyo. Panapolazimu kuchomelea, tangi la petroli liondolewe liwekwe mbali, na waya za betri zifunguliwe.

2. Mnyororo. Hili ndilo laweza kuua mtu. Sproketi ya mbele na ya nyuma lazima zisimame katika mstari mmoja. Vuteni uzi kutoka nyuma hadi mbele, mtaona wenyewe. Zikipishana, mnyororo huruka, hujisokota, na gurudumu hufunga ghafla. Fikirini pikipiki imembeba mama mjamzito usiku, yateremka njia ya Ganze. Tena hesabuni meno. Ya mbele ikiwa na 15 na ya nyuma 45, ya mbele huzunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara moja. Mkiweka 14 mbele, huzunguka mara 3.2. Nguvu ya kupanda kilima yaongezeka, mwendo wapungua. Kwa kubeba mizigo, hilo ni jema.

3. Hewa. Mpira wa kutoka kwenye chujio la hewa hadi kabureta ukae sawasawa, bila nafasi. Vumbi la Bamba likipita hapo, silinda mpya italika mapema sana.

4. Umeme. Baadhi ya pikipiki za zamani ni za volti 6, na injini mpya ni ya volti 12. Mkiunganisha bila kubadilisha balbu na betri, vyote vitaungua.

5. Oili. Tafadhali sikilizeni hapa. Injini ya zamani ya mipigo miwili ilikuwa na tangi lake dogo la oili pembeni. Mpya huweka oili chini, ndani ya injini yenyewe. Dereva aliyezoea akijaza lile tangi la zamani na kuondoka, ataendesha injini kavu mpaka ikwame. Tangi hilo liondolewe kabisa. Na petroli isichanganywe na oili tena.

6. Breki. Injini ya 150 katika pikipiki ya 100 ni mbio zaidi kwa breki zilezile za zamani. Badilisheni viatu vya breki siku hiyo hiyo.

KARATASI

Namba ya injini imeandikwa katika logbuku. Ukibadilisha injini, logbuku yasema jambo moja na pikipiki yasema jingine. Polisi akikagua, mwaonekana wezi. Ajali ikitokea, mnajitafutia ubishi na kampuni ya bima, na bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, Sura ya 405.

Kwa hiyo mabadiliko yapelekwe NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili namba mpya iandikwe. Na msinunue injini isiyo na risiti. Risiti iwe na namba ya injini, jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake. Injini ya bei ya kutupa, isiyo na karatasi, huenda kuna kijana mahali fulani anayeililia.

BAADA YA KAZI

Siku za kwanza pikipiki iendeshwe polepole, bila mzigo mkubwa. Jioni ya siku ya kwanza kazeni boliti zote upya, na tena baada ya wiki. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa hubeba chembe za chuma.

Mwisho, nani ataiendesha? Kikundi kichague dereva mwenye leseni, na mweka daftari ambaye si huyo dereva. Kila safari, kila lita ya petroli, kila kipuri kiandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi rudini vijijini, mkaitishe mkutano. Hesabu zote tatu zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, hata wale wasiojua kusoma, kisha ndipo mpige kura. Pesa hizo ni za mama aliyeuza mahamri na mzee aliyeuza mnazi. Wao ndio wenye haki ya kuamua.

Bwana awabariki, na awalinde njiani.