Fundi Anapovuka Mto Kagera

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo huko Murongo, Wilaya ya Kyerwa)

 

Kabla sijaanza, tutazame pale chini kidogo. Ule ni Mto Kagera. Huku tulipo ni Murongo. Ng'ambo ya daraja ni Kikagati, nchi ya Uganda. Wengi wenu mmevuka mto huu, na wengine mmevuka jana tu. Wapo waliokwenda kuuza, wapo waliokwenda kununua, wapo waliokwenda kuzika ndugu.

Leo sitasema juu ya kahawa wala ndizi. Nitasema juu ya mtu anayevuka mikono mitupu, hana gunia wala mbuzi, ila ana ufundi. Mwashi. Seremala. Mshonaji. Msusi. Mpishi. Fundi pikipiki. Mtu huyu bidhaa yake ni mikono yake miwili. Je, anauzaje bidhaa hiyo katika nchi ya watu, na asirudi analia?

Nianze na habari ya mwashi mmoja wa wilaya yetu hii. Jina lake sitalitaja, maana ndivyo alivyoniomba. Ni fundi kweli. Ukuta wake ukiupima kwa timazi huoni kasoro. Miaka michache iliyopita alivuka mto kwa njia ya panya, usiku, kwa mtumbwi. Akafika mji mdogo wa biashara, akapata kazi ya kujenga nyumba ya vyumba vinne. Walipatana kwa mdomo. Atakula kwa tajiri, na fedha atapewa nyumba ikifika kwenye lenta.

Wiki ya tatu tajiri akaja na karatasi. Akamwambia, "Fundi, weka dole gumba hapa, ni karatasi ya kupokea saruji." Fundi hakujua kusoma. Akaweka dole. Lenta ilipofika akadai fedha yake. Tajiri akatoa ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba fundi amepokea malipo yote, hadai kitu.

Aende wapi? Polisi watamwuliza kwanza, "Wewe umeingiaje nchi hii?" Hakuwa na hati yoyote. Aliuza pimamaji yake apate nauli, akarudi na mwiko na timazi basi. Watoto walikuwa wanasubiri ada na madaftari.

Mwaka uliofuata akaja darasani kwangu. Siku ya kwanza wengine walitaka kuandika majina yao. Yeye aliniambia, "Mwalimu, nifundishe kwanza neno 'nimepokea'. Nataka nilijue nikiliona." Jambo hilo sijalisahau mpaka leo.

Sasa wako watu wanaosema kwamba dawa ni kukaa nyumbani. Mimi sikubaliani nao. Kuishi kwa ufundi katika nchi ya wengine ni jambo la zamani sana, na sisi watu wa Karagwe tunalijua. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, alifika na watu wa pwani. Mmoja wa wakubwa wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India. Alipopata uhuru alirudi Unguja, na kitu alichorudi nacho kikubwa ni lugha. Alikuwa anajua Kihindi, na Speke naye alikijua Kihindi kwa kuwa alikuwa askari huko. Basi Mwafrika na Mwingereza wakawa wanazungumza Kihindi katikati ya Afrika! Bombay aliajiriwa safari baada ya safari. Mwaka 1876 Shirika la Jiografia la Kifalme la London lilimpa malipo ya uzeeni, akayapata mpaka alipofariki mwaka 1885. Hakuwa na shamba la kahawa. Alikuwa na ulimi wake na akili ya kuongoza watu.

Tena wazee wanakumbuka muziki wa Simba Wanyika. Wengi hudhani wale ni Wakenya. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walikuwa watu wa Tanga. Mwaka 1971 waliingia Mombasa, baadaye wakahamia Nairobi, wakaishi huko kwa magitaa yao. Naye Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki, akabaki kwetu mpaka alipofariki mwaka 2010. Kumbe milango hupitwa pande zote mbili.

Turudi kwetu. Nini kinamfaa fundi wa Kyerwa au Karagwe?

Kwanza ni sheria, nayo watu wengi hawaijui. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Soko la Pamoja mwezi Novemba mwaka 2009. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inampa mwananchi wa nchi mwanachama haki ya kwenda kutafuta kazi katika nchi nyingine mwanachama. Lakini msikilize vizuri hapa. Si kazi zote. Kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizozifungua kwa wageni. Na mtu akipata ajira ya zaidi ya siku 90, lazima aombe kibali cha kazi, na anatakiwa aombe ndani ya siku 15 za kazi tangu kukubaliana mkataba. Kwa hiyo anayewaambia "siku hizi Afrika Mashariki ni moja, nenda tu", amesema nusu ya neno. Nusu iliyobaki iko ofisi ya uhamiaji. Ulizeni pale darajani. Kuuliza ni bure.

Pita darajani mchana, watu wakuone. Shika pasipoti, au ile hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Muhuri ule mdogo unaogongwa ndio ushahidi kwamba umeingia kihalali. Yule mwashi wetu angekuwa nao, angeweza kwenda kushtaki.

Jambo jingine ni cheti. Fundi wengi tumejifunza kwa baba au kwa kumshikia mtu karai. Si vibaya. Lakini ng'ambo hawamjui baba yako. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi alionao, bila kuanza chuo upya. Mwenye cheti hupatana bei akiwa amekaa kwenye kiti.

Na lugha. Kinyambo chetu na Kinyankole cha Mbarara ni ndugu wa tumbo moja, hivyo kupatana bei hakuna shida. Lakini tuna mali nyingine tunayoidharau, nayo ni Kiswahili. Rwanda walikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda, mwezi Julai 2022, baraza lao la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wanataka walimu. Je, kila anayekisema anaweza kukifundisha? Hapana. Mimi mwenyewe nilisomea ualimu chuoni, na bado kufundisha lugha kwa mgeni ni kazi nyingine. BAKITA huendesha mafunzo kwa wanaotaka kuwafundisha wageni. Kijana wa kidato cha nne au cha sita aliyeko hapa alifikirie hilo. (Ila sisi wa huku tukaze kamba kidogo. Tunasema "kura" tukitaka "kula", na "kula" tukitaka kupiga "kura". Mgeni atatushangaa!)

Sasa nataka tufanye hesabu. Hesabu hii ni ya kujifunzia, msije mkasema ofisa alituahidi.

Tuseme mwashi nyumbani analipwa shilingi 20,000 kwa siku, na ng'ambo analipwa fedha iliyo sawa na shilingi zetu 30,000. Akifanya kazi siku 26, ng'ambo atapata 780,000. Nyumbani atapata 520,000. Watu wanapiga makofi, wanafunga mzigo. Ngojeni kwanza. Ng'ambo atapanga chumba, tuseme 60,000. Atakula kwa 5,000 kila siku, siku 30, ni 150,000. Nauli na gharama za kutuma fedha 50,000. Jumla 260,000. Toa katika 780,000. Inabaki ngapi? 520,000! Ni sawasawa na nyumbani, na huku nyumbani ungekula ndizi za mgomba wako ukalala kwa mke wako.

Je, basi safari haina maana? La. Nyumbani hupati kazi siku 26. Mwezi mwingine unapata siku 10, yaani 200,000 basi. Hapo ndipo ng'ambo inashinda. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuvuka si "wanalipa kiasi gani kwa siku?" Uliza, "siku za kazi ni ngapi?" Na uliza kabla ya msimu wa kahawa, maana mkeo akivuna peke yake ile nayo ni hasara, ingawa watu hawaiandiki daftarini.

Mama zangu na dada zangu, sijawasahau. Wapo mabinti wanaoitwa kwenda mbali zaidi, Oman na nchi nyingine za Uarabuni, kupika na kulea watoto. Wako waliokwenda wakafanikiwa, wakajenga. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba tajiri alichukua pasipoti yao, walifanya kazi mchana na usiku bila siku ya mapumziko, na mshahara ulipunguzwa au haukutolewa. Huko sheria yao humfunga mfanyakazi kwa tajiri aliyemwita. Kutoka Oman si kama kutoka Kikagati. Huwezi kuuza pimamaji ukarudi.

Kwa hiyo mtu akija kijijini anatafuta mabinti, ana gari zuri na maneno matamu, mwombeni jina la wakala na barua. Upande wa serikali, huduma za ajira ziko TaESA. Waulizwe kama wakala huyo anajulikana. Binti asisaini mkataba usio katika lugha anayoijua. Na nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki kwa mama yake, ndani ya sanduku. Akikataa huyo mwenye gari, muacheni aondoke na gari lake.

Mwashi wetu je? Alihitimu kisomo. Mwaka jana alivuka tena, safari hii darajani, mchana. Juzi alinipigia simu. Nilidhani ana shida. Akasema, "Mwalimu, tajiri ameleta karatasi, nimeisoma. Kifungu cha tatu kimeandikwa 'baada ya kazi' bila tarehe. Nimemwambia atie tarehe." Nikamwuliza, akatia? Akasema, "Alinuna, halafu akatia."

Basi ndugu zangu, toeni madaftari. Kila mmoja ataandika mkataba wake mwenyewe, hata asiyekusudia kuvuka. Naandika ubaoni, mnanifuata:

"Mimi (jina), fundi wa (kazi), na Bwana au Bibi (jina), tumekubaliana leo tarehe (siku, mwezi, mwaka) kazi ya (eleza kazi yote). Malipo yote ni shilingi (kwa tarakimu na kwa maneno), fedha za nchi ya (taja). Malipo ya kwanza yatatolewa tarehe (andika). Malipo ya mwisho yatatolewa tarehe (andika). Chakula na malazi ni juu ya (taja). Vifaa ni juu ya (taja). Kila malipo yataandikwa na kusainiwa na wote wawili. Mashahidi ni (majina mawili). Nakala ni mbili, kila mmoja ana yake."

Mzee wa pale nyuma, sogea mbele kwenye mwanga. Ambaye kalamu yake imekauka wino aje achukue kwangu. Tuna nusu saa, halafu tutasomeana.