Kuhama na Mtoto Kabla ya Talaka

Nchini Tanzania, mzazi anayehama na mtoto kabla ya talaka kutolewa hafuti kwa kuhama huko haki wala wajibu wa mwenzake, kwa kuwa ndoa ingali hai kisheria. Mahakama inapoamua kuhusu hifadhi, yaani mamlaka ya kuishi na mtoto na kumlea, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitaka itangulize ustawi wa mtoto, huku ikichukulia, pasipo ushahidi wa kupinga, kwamba aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama. Anayekimbia kipigo asisubiri hukumu, bali aondoke na mtoto, akiweza achukue cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, kisha atoe taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.